Mkanda umetoka mtupu: ni dawa au ni kamera?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Dar es Salaam. Nilinunua kamera ya zamani ya milimita 35, nikaletewa mikanda miwili ya HP5 Plus, ya picha nyeusi na nyeupe, pamoja na dawa za Ilford. Nikaenda Pangani kumpiga picha babu yangu akishona nyavu, nikamwahidi picha za karatasi za kuweka ukutani. Nilisafisha mwenyewe bafuni, usiku. Mkanda wa kwanza, ambao karibu wote ulikuwa picha za babu, umetoka mtupu, unaona hadi ng'ambo. Pembeni tu kuna namba na jina la mkanda. Tena huo ndio ulionifurahisha, maana ulifika picha ya 39 na ukarudi kwenye kopo lake kwa urahisi. Wa pili una picha, za ngalawa na nne za babu, ila ni nyeusi mno, una mistari inayotoka kwenye matundu, mabaka mawili meupe kama maziwa, na mkanda mzima una rangi ya zambarau. Nilitumia develapa ya ID-11 nusu kwa nusu na maji ya bomba, dakika 13, nikitikisa muda wote. Sikuwa na kipimajoto. Babu anapiga simu kuulizia picha zake na mimi naona aibu kupokea. Nimeharibu wapi, na nimwambie nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla ya yote nataka ujue hili: mkanda wa kwanza hukuuharibu bafuni. Uliusafisha ukasafishika. Picha za babu hazikuwamo tangu ulipoondoka Pangani.

Ushahidi umeuandika kwa mkono wako. Zile namba na lile jina la pembeni hazikupigwa kwa wino. Kiwandani huandikwa kwa mwanga, kama picha yoyote, zikabaki zimejificha mpaka mkanda uingie kwenye develapa, dawa ya kwanza inayotokeza picha. Ukiziona nyeusi na zinasomeka, basi develapa ilikuwa hai na iliingia kwa zamu yake. Ungetanguliza fiksa, ile dawa ya pili, au develapa ingekuwa imekufa, hata namba zisingetokea. Mkanda ungekuwa kama kioo cha dirisha kutoka mwanzo hadi mwisho. Na mwanga ungepenya ndani ya tangi la kusafishia, mkanda ungetoka mweusi pamoja na kingo zake. Kwa hiyo mtu akiniletea mkanda mtupu, macho yangu huenda pembeni kwanza, katikati baadaye.

Halafu umetaja 39, na umetaja kwamba ulirudi kwa urahisi. Mkanda wa picha 36 hutoa 37, mara nyingine 38 ukiuweka kwa ubahili, kisha wenzo wa kuvutia mkanda hugoma. Hesabu ya juu ya kamera hufuata wenzo, haifuati mkanda. Ulimi wa mkanda ukichomoka kwenye kigingi cha kuupokea, shata, kile kipazia cha kamera, italia, wenzo utasogea, namba zitapanda, na ndani ya kamera mkanda umekaa palepale ulipouacha. Wakati wa kuurudisha, mkanda uliopigwa kweli una uzito mkononi. Unazungusha na kuzungusha, kisha unausikia ukiachia mwishoni. Wako ulikuwa na kipande kifupi tu cha kurudisha. Kifuniko kilichosahauliwa kwenye lenzi kingeweza kuleta mkanda mtupu wa namna hii pia, lakini hizo dalili mbili zinatosha kuniambia kwamba mkanda haukushika.

Aibu ya mkanda mtupu imewabebesha watu mizigo isiyokuwa yao. Tarehe 6 Juni 1944 mpiga picha wa vita Robert Capa alishuka na askari wa Marekani katika ufuko wa Omaha, Normandy. Mikanda yake ilipelekwa London, kwenye ofisi ya jarida la Life, ikasafishwe haraka. John Morris, aliyekuwa mhariri wa picha pale, alisimulia kwa miaka mingi kwamba mikanda ya milimita 35 ilikuwa minne, kwamba kijana wa chumba cha giza alifunga mlango wa kabati la kukaushia, joto likayeyusha utando wa dawa, mikanda mitatu ikawa haina kitu na wa nne ukanusurika na picha 11. Dunia nzima ikaipokea hivyo. Miaka 70 baadaye wachunguzi, A. D. Coleman akiwa mbele yao, wakaonyesha kwamba joto la kabati la namna ile haliyeyushi utando hivyo, na mwaka huohuo wa 2014 Morris mwenyewe akakiri kuwa yawezekana mikanda ile mitatu haikuwa na kitu tangu mwanzo. Fikiria yule kijana, na miaka yote ile ya lawama. Ndiyo maana nasisitiza: usiutupe mkanda mtupu, na usijihukumu kabla hujausoma.

Mimi nina mkanda mtupu ambao kosa lake lilikuwa langu kweli. Nilikuwa kijana wa chumba cha giza katika studio moja Tanga, miaka ya themanini. Develapa na fiksa tuliziweka kwenye chupa za namna moja, zikiwa zimepangwa kwa mazoea: kushoto ya kwanza, kulia ya pili. Jumatatu moja mtu alifagia rafu akazirudisha zimepishana. Nikamimina fiksa kwanza kwenye mkanda wa harusi. Fiksa kazi yake ni kuondoa chumvi za fedha ambazo hazijageuka kuwa picha, na kabla ya develapa hakuna hata moja iliyogeuka, kwa hiyo iliziondoa zote. Nilipofungua tangi, sikuona hata namba. Tajiri wangu akamwambia mama wa bibi harusi kwamba mkanda ulikuwa mbovu kutoka dukani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nikanyamaza. Yule mama alirudi mara tatu kuuliza kama hakuna hata moja iliyopona, na mara zote tatu nilikuwapo. Ukimya ule umeniuma kuliko mkanda wenyewe, na nitaurudia tukifika kwa babu yako.

Tangu siku ile chupa ya fiksa naifunga mpira shingoni, mizunguko miwili, vidole viijue hata gizani. Tena nisikilize na wewe: dawa hizi zisiingie kabisa kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa. Develapa iliyochanganywa haina rangi ya kumtisha mtoto.

Sasa mkanda wa pili. Huu ndio wenye makosa ya bafuni, na kubwa kuliko yote ni joto.

Zile dakika 13 za ID-11 nusu kwa nusu ni za dawa yenye nyuzi 20. Maji yanayotoka kwenye tangi la juu ya paa Dar es Salaam hufika nyuzi 29 bila shida. Kwa kukadiria, kila nyuzi moja inapopanda unapunguza karibu sehemu moja ya kumi ya muda uliobaki. Piga hesabu: kwenye nyuzi 24 dakika 13 zinakuwa kama 9, na kwenye 29 zinabaki kama 5. Wewe ulizipa 13 kamili. Mkanda wako umepikwa zaidi ya mara mbili, ndiyo sababu ya ule weusi.

Usikimbilie kusafisha kwa dakika 5 kwenye maji ya moto. Chini ya hapo, na hata hapo penyewe, develapa haipati nafasi ya kuenea sawasawa. Sehemu moja ya picha hutangulia nyingine. Wala usihangaike kutafuta nyuzi 20, maana utaipata kwenye develapa na kuipoteza kwenye maji ya kusuuzia. Mimi pwani hii nalenga 24. Jioni nachota maji ya kutosha kila hatua, lita tano au sita, nayaweka mahali pa baridi. Zamani tuliyaweka kwenye mtungi. Mtungi unatoa jasho na jasho hilo hupoza maji nyuzi kadhaa, ingawa msimu wa unyevunyevu mwingi haufui dafu. Siku hizi nachanganya na chupa ya friji. Kisha nasimamisha chupa za dawa ndani ya beseni la maji, barafu nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni ili isiyeyukie kwenye dawa, nakoroga taratibu na kusoma kipimajoto. Kinunue kabla ya mkanda mwingine. Bila kipimajoto unabahatisha, na babu yako hastahili kubahatishwa.

Develapa peke yake kuwa na nyuzi 24 haitoshi. Fiksa iwe hapohapo, na maji ya kusuuza vilevile. Utando wa mkanda ni jelatini. Kwenye maji ya moto huvimba ukawa laini kama ute wa bamia, ukucha ukigusa tu umechubua. Ukiuhamisha ghafla kutoka joto hadi baridi unaweza kunywea na kukunjamana, picha ikafanana na tope la bwawa lililokauka. Mikanda ya leo ni migumu kuliko ya enzi zangu na HP5 Plus inavumilia, lakini sioni sababu ya kuujaribu uvumilivu wake.

Ile mistari ya kwenye matundu imetokana na kutikisa muda wote. Dawa hupita kwa kasi katika matundu na kulisha zaidi pale inapotokea. Geuza tangi juu chini mara nne katika sekunde 10 za mwanzo, kwa utulivu, uligonge chini mara moja viputo vya hewa viachie, kisha uliache. Kila dakika inapoanza, rudia mara nne hizohizo. Katikati, mikono mbali.

Mabaka ya maziwa ni pale ambapo mizunguko miwili ya mkanda iligusana ndani ya rili, kile kigurudumu cha kuzungushia mkanda, dawa isipite. Na najua kwa nini iligusana: ulikuwa unatoka jasho. Bafuni usiku, mlango umefungwa, taulo limezibwa chini ya mlango, mtu wa mara ya kwanza na moyo unamwenda mbio. Rili ya plastiki ikipata unyevu kidogo tu mkanda hunata njiani. Unausukuma, unajikunja, unaruka mfereji. Hili linampata kila mtu pwani. Rili ikaushwe siku moja kabla, isioshwe saa ile ya kutumia. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe hasa. Mkanda ukigoma njiani usishindane nao: uweke ndani ya tangi pamoja na rili na kigingi cha katikati, funga kifuniko, washa taa, toka nje upunge upepo dakika kumi, kisha urudi. Kile kigingi ndicho kinachozuia mwanga usiingie kwenye tundu la kumiminia dawa. Bila hicho, kifuniko hakikufai kitu. Na giza liwe giza hasa. Wapo wanaodhani taa nyekundu haina madhara kwa mkanda kwa kuwa wameiona kwenye filamu za sinema. Taa ile ni ya kuchapia picha kwenye karatasi. HP5 Plus inaona nyekundu vizuri kabisa, na inaona pia saa inayong'aa mkononi na simu inayowaka mfukoni.

Habari njema ni kwamba maziwa na zambarau vinatibika leo hii, mchana kweupe. Changanya fiksa mpya. Kabla ya kuugusa mkanda, tumbukiza kipande cha ulimi wa mkanda ambao haujasafishwa, hesabu sekunde hadi kiwe kiangavu; muda wa kufiksi uwe angalau mara mbili ya huo. Ijaribu hivyo kila mara, kwani fiksa huchoka bila kubadilika sura. Rudisha mkanda wako kwenye rili, ufiksi upya dakika tano, uusuuze vizuri. Ule weupe utaondoka, na mahali ambapo develapa haikufika patabaki patupu, hapo hatuna la kufanya. Zambarau ni rangi iliyokuwa kwenye utando wenyewe. Itafifia kwa fiksa mpya na maji mengi.

Suuza la mwisho liwe la maji yasiyo na chumvi. Visima vya pwani huacha madoa meupe ambayo hayatoki. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, ila usome kibandiko kwa makini, maana rafu hiyohiyo ina asidi ya betri. Tia tone moja la Ilfotol, dawa inayofanya maji yateleze bila kuacha madoa, kisha ning'iniza mkanda bafuni, feni imezimwa, na mahali ambapo mende hawafiki. Jelatini ni chakula. Niliwahi kuacha mikanda mitatu kwenye kamba usiku kucha, asubuhi nikakuta kingo zimeliwa na sehemu ya uso wa mtu imeondoka. Mkanda wako ukishakauka, ukate vipande vya picha sita sita, uvitie kwenye bahasha zake usiku huohuo.

Tumebakiwa na kuchapa. Picha zako nne za babu ni nyeusi, lakini nyeusi ni afadhali kuliko hafifu, kwa sababu kilichomo kimo. Mtu anaweza kukushauri dawa ya kupunguza weusi, ile aliyoibuni Howard Farmer mwaka 1883. Inafanya kazi, nimeitumia, na sitakuruhusu uiguse kwenye hizo nne, maana ikizidi sekunde chache hairudi. Tafuta mwenye enlaja, mashine ya kukuza picha, tumieni filta laini, namba 0 au 1, mwanga uachwe muda mrefu. Kata karatasi moja vipande vya majaribio kabla ya kutumia karatasi nzima. Kipande kikae kwenye develapa dakika yake kamili. Kosa la wanaoanza wote ni kukitoa mapema kwa sababu chini ya taa nyekundu kinaonekana kimeshakuwa cheusi. Ukikileta mwangani ni kijivu cha kusikitisha. Anayeshika fiksa asishike karatasi kavu. Kidole chenye fiksa huacha alama nyeupe, chenye develapa huacha nyeusi, kwa hiyo alama yenyewe itakwambia ulishika nini. Na kabla mkono haujagusa swichi ya taa nyeupe, mkono wa pili uwe juu ya boksi la karatasi kuhakikisha limefungwa.

Hakikisha pia upande wa dawa, ule usiong'aa, umeelekea chini kwenye karatasi. Niliwahi kuugeuza kwa picha za kitambulisho za baharia mmoja, picha 12. Alikuwa na kovu shavu la kushoto. Akapeleka, wakamkataa, kwa sababu kwenye picha kovu lilikuwa kulia. Akarudi ameshika karatasi yake iliyokataliwa, na safari ilikuwa kesho yake. Babu yako anashona nyavu. Bila shaka sindano anaishika kwa mkono mmoja miaka yote. Ukimpelekea picha ameishika kwa mkono mwingine, ataona kabla hujakaa.

Sasa umwambie nini. Mpigie leo jioni. Usimwambie kwamba mkanda ulikuwa mbovu, wala kwamba dawa zilichelewa. Mwambie mkanda wa kwanza haukushika ndani ya kamera na hukujua kuangalia, kwamba una picha zake nne zinazopona, na kwamba unaomba kurudi. Yule mama wa Tanga alihitaji neno moja tu ili aache kurudi kuuliza, na sisi tulikuwa nalo. Mzee aliyeishi na bahari anajua kutupa wavu ukapanda mtupu. Muulize siku gani atakuwa na nyavu za kushona.

Ukifika, weka mkanda kwenye kamera mbele yake. Ulimi uingie kwenye kigingi, matundu yakae kwenye meno juu na chini, sogeza wenzo mara moja kamera ikiwa bado wazi, ndipo uifunge. Zungusha ule mkono mdogo wa kurudishia, kushoto juu, taratibu hadi uhisi mkanda umekaza. Halafu sogeza wenzo huku ukiutazama mkono huo. Ukizunguka wenyewe, mkanda umeshika. Mwonyeshe na babu, amtazamie mjukuu wake kila anapovuta wenzo.